Kwa Nini Maji Taka Hurudi Ndani: Historia ya Mabomba ya Nyumba Moja Kampala

Katika kozi zetu za historia tunasoma kwa urefu kuhusu reli, pamba, Mkataba wa Buganda wa 1900 na mashindano ya madhehebu. Mabomba ya maji taka hatuyasomi. Pengine ni kwa sababu yamefukiwa ardhini, pengine ni kwa sababu yanatia kinyaa na hakuna anayependa kujaza ukurasa mzima kwa habari za choo. Mimi nimeyasoma kwa ajili ya nyumba moja iliyo chini ya kilima cha Old Kampala. Ghorofa ya chini ya nyumba hiyo amepanga shangazi yangu, ambaye sisi Waganda humwita senga. Anauza chapati, maharage na matoke kwa wafanyakazi wa maduka ya karibu. Kwa muda wa misimu miwili ya mvua, maji taka yalikuwa yakirudi ndani kupitia tundu la sakafuni katika jiko lake. Wakala wa mwenye nyumba alimwandikia barua akisema kwamba mafuta yake ya kukaangia ndiyo yaliyoziba bomba, hivyo alipe gharama zote za matengenezo au ahame mwisho wa mwezi.

Hoja yangu katika insha hii ni kwamba barua ile ilikosea aina ya swali. Maji taka yanaporudi ndani ya nyumba ya zamani, watu huuliza: nani ametupa nini bombani? Swali hilo lina nafasi yake. Lakini kabla yake kuna maswali ya kihistoria: bomba lilijengwa lini, kwa ajili ya watu wangapi, lilitakiwa kubeba nini, na ni nani waliounganishwa baadaye bila bomba kuongezwa upana.

Nyumba yenyewe inajieleza kidogo. Juu ya mlango wa mbele, kwenye lipu, umechongwa mwaka 1938. Kampala ina majengo mengi ya aina hii, yaliyojengwa na wafanyabiashara wenye asili ya India: duka chini, familia juu, ua nyuma, na mwisho wa ua jiko na choo. Nyuma ya ua kuna mlango mdogo unaofungukia uchochoro mwembamba. Wapita njia hudhani uchochoro huo ni njia ya mkato. Kwa kweli ndio sehemu ya nyumba iliyo na historia ndefu kuliko zote.

Kabla ya mabomba, miji ya kikoloni ya Afrika Mashariki ilitumia vyoo vya ndoo. Choo kilijengwa kikigusana na ukuta wa nyuma, na ukutani kukawa na kijilango kidogo karibu na ardhi. Usiku mzoaji alipita uchochoroni, akafungua kijilango, akatoa ndoo iliyojaa na kuweka tupu, bila mwenye nyumba kumwona. Mpango wa mitaa ulifuata kazi hiyo: mistari miwili ya nyumba zikipeana migongo, na katikati yake njia ya mzoaji. Mabomba yalipokuja yalilazwa katika njia ileile, kwa kuwa vyoo tayari vilikuwa upande huo na ardhi ilikuwa ya umma. Mtu akisimama leo katika uchochoro wa Senga, anasimama juu ya njia ya ndoo iliyogeuka njia ya bomba. Vifuniko vya chemba vya chuma bado vipo. Viwili kati yake vimefunikwa na takataka, na kimoja kilikuwa kimejengewa meza ya kuuzia ndizi.

Serikali ya kikoloni ilijishughulisha na taka za mji kwa hofu zaidi kuliko kwa huruma. Mwaka 1913 alifika Afrika Mashariki Profesa William John Simpson, daktari aliyewahi kuwa afisa wa afya wa Calcutta, akitumwa kuchunguza hali ya afya ya miji wakati tauni ilipokuwa tishio. Ripoti yake ilihusu Kenya ya wakati huo, Uganda na Zanzibar. Pamoja na ushauri wake juu ya panya, maji na nyumba, alipendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika wakae katika maeneo tofauti, pakiwa na ukanda wazi katikati. Hapo ubaguzi uliandikwa kwa lugha ya usafi. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wapo wasomaji wanaopenda kusema kwamba mkoloni, pamoja na ubaya wake wote, alituachia mji msafi. Aliacha sehemu ya mji ikiwa safi. Kampala ilikuwa miji miwili iliyogusana: upande mmoja mji wa serikali, na upande wa pili Kibuga, yaani makao makuu ya Buganda kuzunguka Mengo, uliokuwa chini ya Kabaka. Mabomba ya maji taka yaliyolazwa kuanzia miaka ya 1930 yalihudumia mji wa serikali. Kisenyi, ambayo jina lake lenyewe linataja ardhi ya bondeni yenye maji, ilikuwa ng'ambo ya mpaka. Ipo hatua chache tu kutoka nyumba ya Senga, lakini iliendelea na vyoo vya shimo. Mipaka ya jiji ilipanuliwa mwaka 1968 na kuijumuisha Mengo, ila kuchora mpaka upya kwenye karatasi hakulazi bomba ardhini. Hata leo waliounganishwa na mabomba ya maji taka Kampala hawafiki mmoja kati ya kumi. Wengine wote wanatumia vyoo vya shimo na matangi ya chini ya ardhi.

Teknolojia iliyoletwa ilitoka Uingereza, na huko nako ilikuwa na historia ya kusukuma tatizo mbele. Mwaka 1775 mtengeneza saa Mskoti aliyeishi London, Alexander Cumming, alipata hataza ya choo cha kuvuta maji chenye bomba lililopinda mfano wa herufi S. Katika kipindo hicho hubaki maji kidogo yanayozuia hewa chafu kupanda kutoka chini. Kila choo cha kuvuta tunachotumia leo kina kipindo cha namna hiyo. Baadaye Edwin Chadwick, aliyetoa ripoti yake maarufu juu ya afya ya wafanyakazi mwaka 1842, alitetea mabomba madogo ya udongo uliochomwa na kung'arishwa badala ya mahandaki makubwa ya matofali, na kuanzia 1846 kiwanda cha Henry Doulton pale Lambeth kilikuwa kikiyatengeneza. Nyumba za London zikafunga mashimo yake ya choo na kuunganishwa na mifereji iliyotiririka moja kwa moja hadi mto Thames. Nyumba zikawa na nafuu, mto ukaoza. Kipindupindu kiliua maelfu ya watu, na daktari John Snow alionyesha mwaka 1854 kwamba kilienezwa na maji ya kunywa, ingawa wengi waliendelea kuamini kwamba ugonjwa huletwa na uvundo. Ni uvundo huohuo uliowashtua wabunge. Katika joto la mwaka 1858 mto ulinuka kiasi kwamba mapazia ya Bunge yalilowekwa dawa, na fedha za kumwezesha mhandisi Joseph Bazalgette kujenga mabomba makuu kando ya mto zikapatikana haraka. Mabomba hayo nayo yalipeleka uchafu mashariki, chini ya mji, ambako wanaoishi walikuwa watu wengine.

Mabomba ya udongo wa kuchomwa ndiyo yaliyokutwa chini ya ua wa Senga. Ni mabomba mazuri. Udongo uliochomwa hauliwi na kutu wala asidi, na kipande kimoja kinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 100. Udhaifu wake uko kwenye maungio. Vipande vyenyewe ni vifupi, chini ya mita moja kila kimoja, hivyo bomba la mita 10 lina maungio zaidi ya kumi. Kila ungio lilizibwa kwa kamba na saruji. Ardhi ikititia kidogo, saruji hupasuka ufa mwembamba kama unywele. Unyevu hutoka kwenye ufa, na mzizi wa mti huufuata unyevu huo. Ukishaingia, mzizi hukuta chakula na maji mwaka mzima, hutawanyika kama ndevu, na kila kinachopita hunasa humo.

Jambo la pili ni mwinamo. Mafundi wa Kiingereza walikuwa na kanuni rahisi: bomba la inchi 4 lishuke kipimo 1 kwa kila vipimo 40 vya urefu, la inchi 6 lishuke 1 kwa 60, na la inchi 9 lishuke 1 kwa 90. Likilala zaidi ya hapo, maji hutangulia na vitu vizito hubaki. Kwa hiyo bomba lililolazwa vyema mwaka 1938 linaweza kuwa bovu leo bila kuvunjika popote. Inatosha sehemu yake ya katikati kuzama kwa vidole viwili.

Jambo la tatu, ambalo wahandisi wa Kampala walilizingatia, ni kutenganisha maji taka na maji ya mvua. Mabomba ya maji taka yalijengwa membamba kwa kuwa yalitakiwa kupokea maji ya choo, bafu na jiko tu. Mvua ilikuwa na mifereji yake ya wazi iliyoelekea mfereji wa Nakivubo. Anayeijua mvua ya Kampala, inayoweza kujaza barabara kwa nusu saa, ataona maana ya uamuzi huo. Paa moja la bati lina uwezo wa kumwaga katika saa moja maji mengi kuliko familia inayoyatumia kwa siku nyingi.

Hapa historia ya siasa inaingia bombani. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka. Nyumba zao, pamoja na ile ya 1938, ziliachwa, zikagawiwa, zikapangishwa, zikasimamiwa na bodi iliyoundwa na serikali kushika mali za walioondoka. Kwa sadfa ya kalenda, mwaka huohuo wa 1972 ndipo lilipoanzishwa Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, likianza na Kampala, Jinja na Entebbe. Shirika jipya lilipewa mabomba ya zamani katika mwaka ambao watu walioyajua mabomba ya ndani ya nyumba zao walikuwa wakipanga mizigo.

Wanahistoria wamezungumza sana juu ya biashara zilizopotea baada ya 1972. Mimi naona kuna upotevu mwingine mdogo ambao haujaandikwa: upotevu wa ujuzi wa nyumba. Mwenye nyumba ya mwaka 1938 alijua chemba zake ziko wapi, na alikuwa na fundi aliyeisafisha kabla ya mvua. Mpangaji wa mwaka 1975 hakukuta mchoro wowote. Tena hakuwa na sababu ya kutumia pesa zake kwa nyumba ambayo angeweza kunyang'anywa na mtu mwenye bunduki au mwenye barua. Watu walikuwa wengi na nyumba zilikuwa chache, kwa hiyo vyumba viligawanywa kwa mbao, na kila familia ikatafuta mahali pa kuogea na kupikia. Nyumba ya Senga ilijengwa kwa familia moja. Sasa ghorofa ya juu peke yake ina familia sita, na katika ua vimejengwa vyumba vinne vya kupangisha, ambavyo Kampala tunaviita mizigo. Vyoo vimekuwa vitatu. Bomba la kutokea ni lilelile la inchi 4.

Kuanzia miaka ya 1990 mali nyingi zilirudishwa kwa wenyewe au warithi wao. Wengi wao waliishi nje ya nchi, wakauza au wakaweka mawakala. Wakala kazi yake ni kodi. Simlaumu sana, kwa sababu mkataba wake haumtaki ajue kilichoko chini ya ua.

Aliyekijua ni fundi bomba mmoja mzee, Mnubi wa Bombo, ambaye Senga alimpata kupitia mteja wake. Tulizungumza Kiswahili. (Wenzangu wa Uganda wanajua jinsi jamaa zetu wanavyotucheka tunaosoma Kiswahili chuoni, wakisema ni lugha ya askari na mafundi. Siku hiyo nilifurahi kwamba ni lugha ya mafundi.) Mzee hakushika kifaa chochote kwanza. Alimwuliza Senga maswali, na maswali yake yalikuwa na mpangilio ambao ningependa kuuona katika insha nyingi za darasani.

"Mama, maji yanakwama kwenye sinki tu, au na choo pia?"

"Vyote vya chini, Mzee. Juu hawana shida."

"Yanapanda wakati gani? Ukimwaga wewe, au wakimwaga wao?"

"Wao wakivuta choo, kwangu panaguguma, halafu maji yanatokea pale sakafuni. Mvua ikinyesha ndiyo balaa. Hata kama watu wote wamelala, yanapanda."

Mzee akanigeukia. "Umesikia, mwanangu? Mama ameshasema yote."

Alinieleza hivi. Kikikwama kifaa kimoja peke yake, kizuizi kipo karibu na kifaa hicho, na hapo ndipo mafuta na mabaki ya chakula hushukiwa kwanza. Vifaa vyote vya chini vikikwama pamoja, kizuizi kipo mbele, kwenye bomba la kutokea. Maji yakipanda chini wakati watu wa juu wanavuta choo, ni kwa sababu maji yaliyozuiwa hujaa bomba mpaka yafikie tundu la chini kabisa, na hutokea hapo hata kama mwenye tundu hakumwaga tone. Kuguguma ni hewa inayotafuta njia, jambo linaloonyesha kwamba bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa nalo limeziba au limekatwa. Na yakipanda wakati wa mvua na watu wamelala, basi maji ya mvua yanaingia mahali yasipotakiwa, ama ndani ya ua ama kwenye bomba la mtaani.

Kwa maneno mengine, mahali maji yanapotokea hapaonyeshi mahali yalipozuiwa, sembuse aliyeyazuia. Barua ya wakala ilikuwa imechanganya mambo hayo matatu.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Mzee alifunua chemba ya uani, akatufukuza, akaiacha wazi muda mrefu kabla ya kuinamia. Gesi inayokusanyika humo inanuka kama yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikizidi pua huacha kuisikia, na mtu anayeshuka ndani anaweza kuzimia na kufa kabla hajaita. Alisema amewazika vijana wawili wa kazi hiyo. Hakushuka. Alitumia fito za mianzi na waya wa chuma akiwa juu. Alikataza pia dawa kali za kuzibulia ambazo wapangaji wa juu walikuwa wakizimwaga kila wiki. Haziyeyushi mizizi, zinakaa kwenye maji yaliyokwama, kisha humrukia usoni yule anayekuja na ufito.

Ufito ulikwama mita 11 kutoka chemba ya uani, karibu na ukuta wa uchochoro. Uliporudi ulileta mizizi, vipande vya saruji na kigae cha bomba. Mafuta yalikuwepo, yamegandia kwenye mizizi, lakini machache. Mzizi ulikuwa wa mutuba. Wasomaji wa Buganda wanajua kwamba mutuba, mti wa kutengenezea nguo za magome, huchipuka hata ukisimikwa kama nguzo ya ua. Kwa maelezo ya mpangaji wa siku nyingi kuliko wote, nguzo hiyo ilisimikwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kushikilia ua wa mabati. Aliyeisimika alitaka nguzo tu.

Kuhusu mvua, Mzee alinituma dukani kununua buluu ya kufulia. Tuliikoroga kwenye ndoo, akapanda ngazi na kuimwaga kwenye mfereji wa paa siku ambayo hapakuwa na wingu. Baada ya muda mfupi maji ya buluu yalitokea ndani ya chemba ya maji taka. Mabomba mawili ya mvua yalikuwa yameunganishwa humo. Sababu ilionekana wazi tulipotazama sakafu: mfereji wa wazi wa 1938, uliotakiwa kupeleka mvua nje, unapita chini ya vile vyumba vinne. Aliyevijenga aliufukia, akakosa pa kupeleka maji ya paa, akayaelekeza kwenye tundu lililokuwa karibu.

Niliandika haya yote kwa Kiingereza, nikachora ramani ya ua yenye vipimo, nikabandika picha za mizizi na za maji ya buluu, Senga akampelekea wakala. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya utafiti ambayo mtu alikuwa akiisubiri kwa wasiwasi. Baada ya wiki tatu na mikutano miwili yenye maneno makali, barua ya kuhama iliondolewa. Mwenye nyumba alilipia kubadilisha zile mita 11 kwa bomba la plastiki, kung'oa mutuba, kufungua bomba la hewa na kutoa mabomba ya mvua kwenye maji taka. Senga alilipia kisanduku cha kunasia mafuta chini ya sinki lake, kwa sababu Mzee alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba mafuta hayakuwa chanzo, lakini hayakuwa malaika. Kila Jumamosi yeye mwenyewe hukifungua na kukomba mafuta yaliyoganda.

Mwisho, mwenye nyumba alikubali kuwekwa vali katika bomba la kutokea. Hiki ni kifaa chenye kilango kinachofunguka maji yakitoka na kujifunga yakitaka kurudi. Mzee alikiweka shingo upande. Bomba la uchochoroni, alisema, linapokea nyumba nyingi, na nyumba hizo nazo zimegawanywa, zimejengwa nyuma na kuunganishiwa mvua. Senga akifungiwa kilango, maji hayapotei. Yatatafuta tundu la chini linalofuata.

Jambo hili ndilo linalonifanya nisikubali kuiona habari hii kama ushindi wa familia. Kwa ukubwa wa jiji ni mwendo uleule. Maji taka ya mabomba ya Kampala huenda Bugolobi, ambako mtambo wa kwanza wa kuyasafisha ulijengwa enzi za ukoloni, na ambako hivi karibuni umejengwa mtambo mpya mkubwa zaidi. Yakitoka hapo hupita katika kinamasi cha Nakivubo. Mafunjo ya kinamasi yamekuwa yakichuja kwa miongo mingi kile ambacho mtambo na mfereji viliacha, kazi ambayo wataalamu wa uchumi wa mazingira waliipigia hesabu ya fedha mwaka 1999 ili serikali ione hasara ya kukijaza viwanda na mashamba ya magimbi. Kutoka kinamasini maji huingia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Katika ghuba hiyohiyo, kule Ggaba, ndiko Kampala imekuwa ikivuta maji yake ya kunywa tangu enzi za ukoloni. London ya 1854 ingeielewa ramani hiyo mara moja.

Katika mvua za Novemba jiko la Senga lilibaki kavu. Kifuniko cha chemba ya uchochoroni kilinyanyuka, na maji yakashuka mteremko kuelekea Kisenyi, yakapita mbele ya kibanda cha mama anayeuza mkaa. Yule mama hana choo kilichounganishwa na bomba lolote. Asubuhi alipanda hadi kwa Senga akiwa ameshika ufagio, akasema mbele ya wateja kwamba wenye migahawa wanamwagia watu mafuta. Senga alimkaribisha chai. Kisha wakaenda wote wawili hadi chemba, nami nikawafuata na daftari.

Wiki hiyo niliandika barua nyingine, safari hii kwa Luganda, kwa mwenyekiti wa LC. Imetiwa saini na nyumba tano za uchochoro pamoja na mama wa mkaa. Inaomba mambo matatu: meza ya ndizi iondolewe juu ya kifuniko, kila nyumba ipimwe kwa buluu, na gharama zigawanywe kwa idadi ya vyoo, si kwa nani maji yametokea kwake. Nyumba ya tatu, yenye vyoo saba, bado haijatia saini.